Kati ya Waliooza na Wasioota

Punje ya mbegu ya bangi haifikii ukubwa wa pilipili manga. Ganda lake lina rangi ya kijivu inayokaribia udongo, na juu yake imepita michirizi myeusi iliyopindana, kila punje na yake. Niliitazama kwa karibu uani kwa mwenyeji wangu mjini Durban, Afrika Kusini, nchi ambayo mtu mzima ameruhusiwa kuotesha mmea huu kwake, kwa matumizi yake mwenyewe. Alikuwa amemwaga mbegu kidogo kwenye sahani ya bati akizichambua kwa ncha ya kidole, zilizopauka upande huu, zilizokomaa upande ule. Kando ya sahani palikuwa na ndoo ya udongo mweusi wenye harufu ya mvua ya kwanza ya masika. Hakuwa na haraka. Kila punje aliigeuza, akaiangalia, ndipo akaipa upande wake. Lilikuwa tendo la dakika chache, lakini limenikaa moyoni, kwa kuwa mtu yule alikuwa anaamua nani aote na nani asiote, na alikuwa anaamua hayo mbele ya ndoo iliyojaa vitu vilivyokufa. Hapo niliona mahali hasa anaposimama yeyote anayeotesha mmea na kuuzalisha kwa mkono wake. Anasimama katikati. Chini yake wako waliooza, mbele yake wako wasioota, na pande zote mbili zina haki juu yake.

Wahenga walituachia kwamba akiba haiozi. Mtama ulio ghalani ni akiba, mahindi yaliyoning'inizwa juu ya meko yakapigwa na moshi ni akiba, fedha iliyofungwa kwenye pindo la kanga ni akiba. Udongo nao ni akiba, ila huu haufai mpaka uoze. Ndani ya ndoo ile yalikuwamo maganda ya ndizi na ya mayai, majani ya chai, majani makavu ya mwembe, samadi ya kuku iliyokaa hadi ukali wake ukaisha, na majivu kidogo, na vyote vilikuwa vimekwisha kusahau sura zao. Kabla ya kufika hapo vilipita motoni, maana lundo la mboji likikolea hupanda joto hadi nyuzi 60, na ukilichokoa alfajiri linafuka mvuke. Likipoa, huingia wapenda ubaridi: jongoo, nyungunyungu, kuvu, na bakteria ambao kijiko kimoja cha chai cha udongo wenye afya chaweza kubeba bilioni nzima yao. Charles Darwin aliwachungulia nyungunyungu kwa miongo mingi, na mwaka 1881, miezi michache kabla ya kufa kwake, akatoa kitabu kizima juu yao. Alikadiria kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza, zaidi ya tani kumi za udongo kwa kila ekari hupita matumboni mwao mwaka hadi mwaka. Mtu aliyekwisha kutikisa fikra za dunia nzima juu ya asili ya viumbe aliona inafaa kazi yake ya mwisho iwe ya mnyoo asiye na macho. Sioni kwamba alishuka daraja. Naona alikuwa ameifikia sakafu ambayo kila kilicho hai kimejengwa juu yake.

Mzizi nao hauli peke yake. Majani hupika sukari kwa jua, na sehemu ya sukari hiyo huteremshwa hadi chini ikamwagwa udongoni. Bakteria na kuvu huifuata, nao hulipa kwa fosforasi na naitrojeni ambazo mzizi usingezifikia. Nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko unywele, huingia hadi ndani ya mzizi wa bangi, kisha hutoka zikatambaa kwenye vijitundu ambamo hakuna mzizi unaoweza kupenya. Ni biashara ya zamani kuliko jembe, na haina mizani wala karani. Mwaka 1909 Fritz Haber alionyesha kwamba naitrojeni yaweza kuvutwa kutoka hewani na kufanywa amonia, na tangu hapo mbolea ya viwandani imejaza matumbo ya sehemu kubwa ya wanadamu, siibezi. Lakini mmea unaomiminiwa chumvichumvi kila juma hupunguza malipo yake kwa kuvu, kwa kuwa haumhitaji tena jirani. Unanenepa, unapendeza, na chini yake soko linafungwa duka moja baada ya jingine. Mwenye kuotesha kwa mboji huulisha udongo, kisha huuachia udongo umlishe mwanawe. Njia hiyo ni ya polepole. Inamtaka mtu aamini kazi asiyoiona, aweke matandazo juu ya tuta na kuondoka, bila kupekua kila siku kutafuta ushahidi. Anayeishi mjini, ambako kila kitu huletwa mlangoni kwa pikipiki, hujifunza hapo aina ya imani ambayo bibi zetu walikuwa nayo bila kuitaja jina.

Mmea wenyewe una haki ya kuzungumziwa pamoja na udongo mweusi. Nikolai Vavilov, Mrusi aliyezunguka mabara akikusanya mbegu, aliona kwamba katani, ndugu wa damu wa bangi, hupenda kuota penye makazi ya watu, kandokando ya kambi na majalala, ambako kinyesi na takataka vimeirutubisha ardhi. Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba mwanadamu hakuufuata mmea huu porini. Ulimfuata yeye, ukakaa penye uchafu wake, ukamsubiri auone. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2021 unaweka mwanzo wa kufugwa kwake Asia ya Mashariki, miaka ipatayo 12,000 iliyopita. Toka huko ulitembea. Katika pango moja la Ethiopia, karibu na Ziwa Tana, vimepatikana vichwa vya viko vya udongo vya karne ya 14 vikiwa na mabaki ya bangi, na padri Mreno João dos Santos aliandika habari zake kusini mashariki mwa Afrika katika kitabu kilichotoka mwaka 1609. Kokote ulikofika ulikula ulichokikuta. Mizizi yake huvuta hata madini ya sumu, risasi na kadimiamu, na kuyapandisha hadi majanini, ndiyo maana mwaka 1998 wataalamu walipanda katani karibu na Chernobyl wakitaraji iisaidie ardhi kujisafisha. Mmea wa namna hii hausitiri siri ya shamba. Ukiwa na udongo safi, utasema hivyo. Ukiwa na udongo uliomwagiwa betri na rangi za zamani, utalisema hilo pia, ndani ya mwili wa anayeutumia. Mtu anayechagua mboji anayoijua asili yake hafuati mtindo. Ametambua kwamba anachokitia ardhini kitarudi kwake na jina jingine.

Bangi ni miongoni mwa mimea michache ambayo dume na jike huishi katika miili tofauti. Rudolf Camerarius wa Tübingen, Ujerumani, ndiye aliyeandika mwaka 1694 barua maarufu ya kuthibitisha kwamba mimea ina jinsia, na wakulima wa katani walikuwa wamekwisha kuziona jinsia hizo kwa macho yao kwa karne nyingi. Katika mbegu za kawaida, karibu nusu huwa madume. Dume hutangulia kufungua maua yake madogo yanayoning'inia, humwaga chavua kwa upepo, kisha hunyauka. Chavua hiyo haina mipaka: iliyotoka kwenye mashamba ya Moroko imewahi kunaswa na mitego ya wanasayansi mjini Málaga, Uhispania, ng'ambo ya bahari. Jike, kwa upande wake, akishapokea chavua huelekeza nguvu zake kwenye mbegu. Asipoipata, huendelea kutoa maua juu ya maua, na maua hayo huzidi kujaa utomvu unaonata, kama kwamba bado anatega mikono. Utomvu huo ndio wanaoutafuta watu. Kwa hiyo katika nyumba nyingi dume hung'olewa mara tu anapojulikana, na siku hizi huuzwa mbegu zilizotengenezwa kwa ustadi zizae majike matupu. Nalitafakari jambo hili kila ninapoona ua zuri lisilo na punje hata moja. Ulevi wote ule umetokana na kungoja kusikojibiwa. Aliyeng'olewa alikuwa na nusu ya kesho mkononi mwake, na bustani isiyo na dume hata mmoja, hata ingenawiri namna gani, imeamua kuwa ya mwisho katika ukoo wake.

Ndiyo maana namheshimu anayeacha dume mmoja. Huyo ameingia katika kazi nyingine kabisa, kazi ya kuzalisha. Atamtenga dume wake, atachukua chavua kwa brashi ndogo, atalipaka tawi moja la jike aliyempenda, atalifunga uzi wa rangi ili asilisahau, kisha atangoja majuma kadhaa mpaka ganda lijichore michirizi. Watoto wa kwanza wa wazazi waliotulia kiasili hufanana, wamesimama sawa, wanapendeza. Wajukuu ndio huwafichua mababu. Gregor Mendel, mtawa wa Brno, aliyaona hayo katika njegere zake, akayatoa kwa maandishi mwaka 1866: kilichozama katika kizazi kimoja huibuka katika kinachofuata, kwa hesabu inayohesabika. Sisi tunaowapa watoto majina ya babu na bibi hatuhitaji kushawishiwa sana, kwa kuwa tumekwisha kumwona mjukuu akitembea kwa mwendo wa mtu aliyezikwa kabla yeye hajazaliwa. Mzalishaji huyu huotesha wajukuu wengi awezavyo, akatafuta mmoja mwenye anachokitaka: anayestahimili ukungu wa mwishoni mwa msimu, asiyevunjika kwa upepo, mwenye harufu fulani, anayekomaa kabla ya baridi. Kisha huanza upya. Msimu hupita, msimu huja. Usione vyaelea, vimeundwa, na kila mmea unaoonekana kujiotea tu katika bustani za watu una nyuma yake mikono mingi iliyochagua, mingi ya watu wasiojua kusoma wala kuandika, na hakuna mahali popote yalipoandikwa majina yao.

Kuchagua ni kusema unachokitaka, na mmea hukutii kuliko mtoto wa kumzaa. Hapo ndipo penye uzito. Mwaka 1964, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni walikitenga na kukitambua huko Israeli kiini cha bangi kinacholevya, THC. Kikapatikana kipimo, na penye kipimo huja mashindano. Katika bangi iliyokamatwa Marekani, wastani wa THC ulikuwa karibu asilimia 4 mwaka 1995, na kufikia mwaka 2014 ulikuwa karibu asilimia 12. Katika kupanda huko, CBD, kiini kisicholevya ambacho leo ni dawa ya aina fulani kali za kifafa cha watoto, kilipungua. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kukifukuza. Watu walichagua ukali, msimu baada ya msimu, na ambacho hakikuchaguliwa kikapotea polepole. Tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa akaliongeza makali, na madhara ni yaleyale: walioketi kunywa hawakuambiwa kwamba kinywaji kimebadilika. Ndani ya kila mmea wa leo imo orodha ya tamaa za wale waliotutangulia, imeandikwa kwa utaratibu kuliko waraka wowote, na yeyote anayechambua mbegu kwenye sahani anaongeza mstari wake katika orodha hiyo.

Sitaki msomaji adhani ninauremba mmea huu. Katika nchi zetu za Tanzania na Kenya kuulima ni kosa la jinai, na wapo walio gerezani kwa ajili yake. Tena wapo vijana, kila mtaa unawajua, walioanza kuvuta wakiwa wanafunzi na akili zao hazikurudi walikoziacha. Sayansi inakubaliana na akina mama wanaowalilia vijana hao: ubongo wa kijana bado unajengwa, na bangi kali inayotumiwa mara kwa mara katika umri huo huongeza hatari ya maradhi ya akili, hasa penye ukoo wenye asili yake. Maumivu hayo si propaganda. Lakini nikiyatazama sana naona yanalirudisha swali palepale. Mmea uliozidishwa makali ulizidishwa na mikono ya watu, na aliyeuchagulia makali hakumfikiria kijana yule. Mzalishaji anayeketi na mbegu zake bila kujiuliza kitafika kwa nani anachokizalisha, ameshika nusu tu ya kazi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na msemo huo haukusema mtoto wa binadamu peke yake.

Zipo bangi ambazo hazikuwahi kuingia katika mashindano hayo. Katika Mpondoland, pwani ya Jimbo la Cape Mashariki, Afrika Kusini, familia zimelima aina zao za kienyeji kwa vizazi, kwenye miteremko ambayo trekta haliwezi kupanda, na mavuno yake yamelipa karo za shule na sare. Hadi katikati ya miaka ya 2010 helikopta za polisi zilipita juu ya mabonde yale zikinyunyiza kiuagugu cha glaifoseti. Dawa inayoshuka kutoka angani haijui mpaka wa bangi na mahindi, wala wa shamba na kisima. Mbegu zile zilivumilia dawa, zikavumilia misako, na sasa zinakutana na hatari isiyo na kelele, yaani chavua ya machotara wa kisasa inayopeperushwa na upepo hadi kwenye maua yao. Upande wa pili wa bara, katika milima ya Rif huko Moroko, hadithi hiyo imekwisha kuonekana. Pale kuna aina ya asili iitwayo beldia, iliyozoea kuishi kwa maji ya mvua. Machotara kutoka nje walileta mavuno makubwa na ukali zaidi, ila wanataka kumwagiliwa wakati wote wa kiangazi, na milima ile haina maji ya kumwaga. Tangu Moroko ilipopitisha mwaka 2021 sheria ya kuruhusu kilimo cha bangi kwa dawa na viwanda, beldia imeanza kutazamwa upya kwa macho ya heshima. Bandu bandu huisha gogo. Hakuna mkulima mmoja aliyeiua mbegu ya kienyeji. Kila mmoja alibandua kidogo kwa sababu iliyokuwa ya kweli siku ile. Na mwacha asili ni mtumwa, kwa maana iliyo wazi kabisa hapa: atarudi dukani kila msimu kununua alichokuwa akikitoa darini kwake.

Kuna bangi zinazouzwa katika maduka ya mbegu ya Ulaya kwa majina ya Durban na Malawi. Majina yamebaki ya Afrika, fedha imebaki huko. Itifaki ya Nagoya, iliyokubaliwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, inataka faida ya rasilimali za vinasaba igawiwe kwa haki na nchi na jamii zilizozitunza, lakini mbegu nyingi zilikwisha kuondoka mifukoni mwa wapita njia kabla ya wino huo. Nasi tusijidanganye kwamba ni habari ya bangi peke yake. Nchini Kenya, sheria ya mbegu iliyorekebishwa mwaka 2012 ilimtishia kifungo au faini ya hadi shilingi milioni 1 mkulima anayeuza au kubadilishana mbegu zisizothibitishwa, na mwaka 2022 wakulima wadogo waliipeleka mahakamani. Fikiri kidogo: mama anayempa jirani yake kibaba cha kunde za kupanda, na uani kule Durban mtu anayempa rafiki yake punje chache za bangi. Mmea mmoja ni chakula, mwingine unaogopwa, na bado swali linalowakabili watu hawa wawili ni moja. Je, mbegu iliyofika mkononi mwako kwa kupitishwa na mikono mia ni yako kuuza, ni ya serikali kuhesabu, ni ya kampuni kusajili, au ni amana?

Jibu langu nimelipata mbali na bangi, katika jiji la Leningrad lililozingirwa na majeshi ya Ujerumani tangu mwaka 1941 hadi 1944. Katika taasisi aliyoijenga Vavilov mlikuwamo mbegu za mataifa yote: ngano, mpunga, maharage, njugu, katani. Vavilov mwenyewe alikuwa ametupwa gerezani na serikali ya nchi yake, na alifia huko Saratov Januari 1943, amedhoofika kwa njaa, yeye aliyetaka kumaliza njaa duniani. Huku nyuma watumishi wake waliendelea kulinda makabati katika baridi kali, mji ukila gundi na ngozi. Dmitri Ivanov, mtaalamu wa mpunga, alikufa kwa njaa akiwa amezungukwa na maelfu ya pakiti za mpunga. Hakuzifungua. Wapo watakaosema ni upumbavu kufa kando ya chakula. Mimi naona kwamba watu wale walielewa punje ile haikuwa chakula chao. Ilikuwa ya watu ambao hawajazaliwa, nao walikuwa walezi tu, na mlezi hali cha yatima hata akiwa na njaa. Sijui mfano mwingine ulio safi zaidi wa mtu kusimama katikati ya waliooza na wasioota, na kutoondoka.

Hatutakiwi wote kufikia kimo hicho, na sifananishi bustani ya uani na mji uliozingirwa. Lakini amana ni ileile, hata ikiwa ndogo. Haki ya kuwa na bustani hiyo nayo ilipiganiwa mahakamani. Gareth Prince, Rasta aliyesomea sheria Afrika Kusini akazuiwa kuifanyia kazi kwa sababu ya bangi, alishindwa mbele ya Mahakama ya Katiba mwaka 2002 kwa tofauti ya kura moja. Tarehe 18 Septemba 2018 mahakama hiyohiyo, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Raymond Zondo, ilikubali kwa kauli moja kwamba faragha ya nyumba ya mtu mzima inatosha kumruhusu kuotesha na kutumia bangi humo, na mwezi Mei 2024 ikasainiwa sheria ya kulitekeleza jambo hilo. Hukumu ilifungua mlango wa uani. Haikuweza kusema mtu afanye nini akishaingia, na wala si kazi ya mahakama kusema. Sheria huhesabu miche, hupima gramu, huweka umri. Yanayobaki ni mambo ambayo hakuna askari atakayekuja kuyakagua: kama udongo ule utaachwa mweusi kuliko ulivyokutwa, kama dume mmoja ataachwa aishi, kama mbegu ya kienyeji itapewa tuta lake mbali na machotara, kama ukali utakuwa ndiyo sifa pekee inayotafutwa, kama mtoto wa nyumba hiyo atalindwa asiufikie mmea ule kabla ya wakati.

Ndiyo maana nazirudisha fikra zangu kutoka kwa bangi hadi kwa kila kinachooteshwa na mkono wa mtu, mchicha wa kwenye kopo, mnavu wa kando ya bomba, mtama wa Dodoma uliorithiwa kwa bibi. Wote hao wanatutaka kitu kimoja kigumu, kwamba tukubali kuwa wapita njia wenye wajibu. Tunapokea kutoka chini kile ambacho hatukukifanyia kazi, maana hakuna kati yetu aliyeumba nyungunyungu. Tunapeleka mbele kile ambacho hatutakiona, maana mjukuu wa punje ya leo ataota tukiwa sisi wenyewe tumekwisha kuwa mboji. Mbegu haina mwenyewe, ina walezi. Walezi hao hawatakuwepo siku ya kuhukumiwa kazi yao, na watakaowahukumu ni watu wasiowajua kwa jina. Wataangalia mambo mawili tu: tulirudisha nini ardhini, na tuliwachagulia nini.